Edmond Albius: Mtoto mtumwa aliyegundua namna ya kuzalisha vanila

Msimu wa maua ukifika, mkulima wa vanila wa Kemondo, mkoani Kagera, huingia kibanjani asubuhi akiwa na kijiti chembamba mkononi. Anafungua ua, anagusa ndani, anabana kwa kidole gumba, kisha anahamia ua jingine. Ua la vanila huchanua siku moja tu. Ukichelewa, tunda ndiyo basi tena.

Ujuzi huo ulitoka kwa mtoto wa miaka 12. Alikuwa mtumwa, na haukumpa utajiri wowote.

Edmond alizaliwa mwaka 1829 Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Réunion, mashariki mwa Madagaska. Kisiwa hicho kilikuwa koloni la Ufaransa. Mama yake alifariki akimzaa. Akakulia kwa Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba aliyependa sana mimea na kutembea naye bustanini.

Maua tele, matunda hakuna

Asili ya vanila ni Mexico, ambako wadudu wa huko huchavusha maua yake. Ilipopelekwa Réunion, ilitambaa vizuri na kuchanua, lakini haikuzaa.

Mwaka 1836 mtaalamu Charles Morren alifanikiwa kuichavusha kwa mkono huko Ubelgiji, ila njia yake haikufaa kazi ya shambani.

Siku moja mwaka 1841, Ferréol akashangaa kuona matunda kwenye mmea wake uliokaa miaka mingi bila kuzaa. Edmond akamwambia ni kazi yake. Mwanzoni bwana hakuamini, ndipo dogo akamwonyesha: ndani ya ua kuna utando unaotenga sehemu ya kiume na ya kike. Unauinua kwa kijiti, unabana sehemu hizo zigusane, umemaliza. Sekunde chache tu!

Habari zikasambaa. Edmond akawa anapelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wenzake. Kufikia mwaka 1898, Réunion ilizalisha karibu tani 200 za vanila, ikiipita Mexico yenyewe.

Uhuru bila senti

Utumwa ulikomeshwa kisiwani mwaka 1848. Edmond akapata uhuru na jina la ukoo, Albius, lakini hakupata fedha wala shamba. Akaenda mjini Saint-Denis kufanya kazi za ndani. Huko alitiwa hatiani kwa wizi wa vito na kufungwa. Aliachiwa kabla ya muda, baada ya kuombewa msamaha kwa sababu ya mchango wake kwa kisiwa.

Hata ugunduzi wenyewe nusura apokonywe. Mtaalamu wa mimea Jean Michel Claude Richard alidai kuwa yeye ndiye aliyemfundisha. Ferréol akaandika barua kumtetea Edmond.

Albius alifariki Agosti 1880 Sainte-Suzanne, akiwa fukara, huku wenye mashamba wakineemeka. Leo ana mnara wa kumbukumbu kijijini kwao.

Baada ya zafarani, vanila ndiyo kiungo ghali zaidi duniani. Ua moja, tunda moja, na kila ua linapita mkononi mwa mtu. Tunda hukaa miezi 8 hadi 9 kabla ya kuvunwa, kisha miezi kadhaa ya kukaushwa.

Na kule Kemondo, asubuhi ya maua, mkulima bado anabana kwa kidole gumba kama alivyofanya Edmond.