Boris Karloff: Mhindi wa London aliyegeuzwa zimwi la Hollywood

Jumamosi moja kijana wangu wa darasa la dini alikuja amevaa fulana ya mtumba yenye picha ya jitu la kichwa bapa, kope nzito, na vyuma viwili vimechomoza shingoni. Nikamwambia aigeuze nje ndani kabla hatujaswali Adhuhuri. Akaigeuza bila ubishi, kisha akaniuliza yule ni nani. Nikamjibu kwa mkato kuwa ni zimwi la sinema za kikafiri, basi. Jibu lile halikuniridhisha mimi mwenyewe niliyelitoa, nikaanza kufuatilia. Naandika haya kwa sababu niliyoyakuta siyo niliyoyatarajia.

Nyuma ya sura ile alikuwemo Mwingereza aitwaye William Henry Pratt, aliyezaliwa Camberwell, London, tarehe 23 Novemba 1887, kitinda mimba wa watoto tisa. Dunia inamjua kwa jina la Boris Karloff. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya India, idara ya mapato ya chumvi, yaani kodi ile ile ambayo Gandhi aliandamana kuipinga mwaka 1930. Lakini baba huyo mwenyewe mama yake alikuwa Mhindi, na upande wa mama pia kulikuwa na damu ya India. Kwa hiyo kijana William alikua London akiwa na ngozi ya maji ya kunde katikati ya Wazungu, katika zama ambazo jambo hilo lilikuwa siri ya kuzikwa ndani ya nyumba.

Kuficha kwenyewe hakukuanza na yeye. Dada wa bibi yake mzaa mama alikuwa Anna Leonowens, yule mwalimu aliyefundisha watoto wa mfalme wa Siam (Thailand ya leo) katika miaka ya 1860, na habari zake zikatengenezewa tamthilia na filamu. Bibi huyo aliwaambia watu kuwa amezaliwa Wales. Watafiti walikuja kuonesha baada ya kufa kwake kuwa alizaliwa India mwaka 1831, na kwamba asili yake alikuwa akiifunika makusudi.

Mama yake William alifariki mapema, akalelewa na kaka zake. Walitaka aingie utumishi wa kibalozi kama kaka yake John, aliyefanya kazi miaka mingi China na baadaye kuitwa Sir John Pratt. Akasoma King's College London, hakumaliza. Mwaka 1909 akapanda meli kwenda Canada, akafanya vibarua vya shamba, kisha akajiunga na kikundi cha maigizo cha kuzunguka miji. Hapo ndipo alipojiita Boris Karloff. Alidai kuwa Karloff ni jina la kale la ukoo upande wa mama yake, lakini binti yake alisema hajui ndugu yeyote mwenye asili hiyo.

Sisi tunaofundisha kuwa mtu aitwe kwa baba yake tunaweza kumhukumu haraka. Mimi nimesita. Anayemlaumu mwenye kuficha asili aanze na wale walioifanya asili hiyo kuwa aibu.

Alipofika Hollywood wakati wa filamu zisizo na sauti, ngozi aliyokuwa akiikimbia ndiyo iliyompa mkate, ingawa mara nyingi haukutosha na ilimbidi aendeshe lori na kubeba mizigo. Akapewa nafasi ndogo ndogo za watu wa mashariki. Mwaka 1922 alikuwa maharaja wa Kihindi katika filamu moja, na katika nyingine, ya maisha ya Omar Khayyam, akaigiza Imamu Muwaffaq, mwanachuoni wa Nishapur anayesimuliwa kuwa ndiye aliyemfundisha Khayyam. Mwaka 1929 akawa mtumishi wa Kisudani. Kwa wenye sinema, Mhindi, Msudani na Muajemi wote walikuwa uso mmoja!

Kisha ikaja Frankenstein ya mwaka 1931. (Wengi hudhani jina hilo ni la zimwi, kumbe ni la daktari aliyeliunda.) Karloff alikuwa anatimiza miaka 44 na nyuma yake kulikuwa na makumi ya filamu ambazo hakuna aliyezikumbuka. Mwongozaji James Whale alimwona kwenye mgahawa wa studio akavutiwa na umbo la kichwa chake. Kila siku alikaa takribani saa nne akipakwa rangi na kubandikwa vitu usoni na fundi Jack Pierce, ndipo kazi ianze, katika joto, amevaa viatu vizito mno. Kuna mahali alitakiwa kumbeba mwigizaji mwenzake kupanda kilima, tena na tena. Mgongo wake ukaharibika hadi uzeeni. Mwanzoni mwa filamu, penye orodha ya waigizaji, mbele ya zimwi hawakuandika jina lake. Waliweka alama ya kuuliza.

Filamu ilipovuma akawa mali. Mwaka 1932 walimfanya maiti ya Misri iliyofufuka (neno letu mumiani, ambalo wazee wa pwani walitutishia nalo utotoni, lina asili moja na jina la filamu hiyo). Mwaka huo huo akawa Fu Manchu, Mchina katili anayetafuta upanga wa Genghis Khan ili awaangamize weupe. Ubalozi wa China mjini Washington ulilalamika. Fikiri: kaka mtu ni mtaalamu wa mambo ya China katika serikali ya Uingereza, mdogo wake anavaa kucha ndefu kuwatisha watu kwa sura ya Mchina.

Iliyonigusa zaidi ni ya John Ford ya mwaka 1934, The Lost Patrol. Askari wa Kiingereza wamepotea katika jangwa la Iraq wakati wa vita vya kwanza, wanauawa mmoja mmoja na Waarabu. Waarabu wenyewe karibu filamu nzima hawaonekani, wanasikika kwa risasi tu. Kwamba watu wale walikuwa kwao na wageni ni wale wenye bunduki za Kiingereza, mtazamaji haambiwi. Lakini humo Karloff hakupewa nafasi ya Mwarabu. Aliigiza askari Mkristo mwenye siasa kali za dini, anayerukwa na akili na kutoka amebeba msalaba mpaka anapigwa risasi. Sijasikia mtu akisema kuwa filamu ile iliwachafua Wakristo wote.

Mtu mwenyewe, kwa simulizi za waliofanya naye kazi, alikuwa mpole na mpenda vitabu. Wala hakunyamazia dhulma. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji wa filamu Marekani, kadi yake ikiwa namba 9, wakati wenye studio walikuwa na uwezo wa kumfukuza mtu kwa kujiunga tu. Mwaka huo alirudi Uingereza kucheza The Ghoul, jina lililotokana na ghul ya Kiarabu. Aliogopa kuwa kaka zake, watu wa heshima serikalini, wangemwonea haya. Badala yake wakagombea nani asimame karibu naye kwenye picha.

Aliigiza mpaka pumzi ikawa ya shida, pafu moja likifanya kazi, akikaa kwenye kiti cha magurudumu na mtungi wa oksijeni pembeni. Alifia hospitalini Midhurst, Uingereza, tarehe 2 Februari 1969, akiwa na miaka 81. Jina lake hakuwahi kulibadili kisheria. Kwenye karatasi rasmi aliendelea kutia saini William H. Pratt, kisha akiongeza kuwa anajulikana pia kama Boris Karloff.