Leonhard Euler: Asiyeona aliyeifumbua namba 2,147,483,647

Namba 2,147,483,647 ni namba tasa: haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Leo kompyuta inalijua hilo kufumba na kufumbua. Lakini wa kwanza kulithibitisha alikuwa mzee wa miaka 65 ambaye macho yake yalishazima.

Ni Leonhard Euler, aliyezaliwa Basel, Uswisi, Aprili 15, 1707. Baba yake, mchungaji, alitaka kijana naye awe mchungaji. Mwalimu wa hisabati, Johann Bernoulli, ndiye aliyemshawishi baba amwachie afuate namba.

Akiwa na miaka 20 alihamia St Petersburg, Urusi, kwenye Akademia ya Sayansi. Huko jicho la kulia likaharibika. Akafanya kazi Berlin miaka 25, na aliporudi Urusi mwaka 1766, jicho la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho.

Mwaka 1771 alifanyiwa upasuaji, akaona kwa muda mfupi tu, kisha giza likarudi. Mwaka huohuo nyumba yake ikateketea kwa moto, akaokolewa.

Wengi wangeacha kazi. Yeye akawa anapiga hesabu kichwani, huku wanawe na wasaidizi wakiandika.

Alifanyaje?

Mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, alishaitaja namba hii kuwa tasa mwaka 1644, ila bila uthibitisho.

Kuhakikisha kwa njia ya kawaida, ungeigawa kwa namba moja baada ya nyingine mpaka ufike 46,340. Siyo mchezo!

Euler akatafuta njia ya mkato. Alionyesha kwamba kigawo chochote cha namba hiyo, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Nyingine zote akaziweka pembeni. Katika zilizobaki, hakuna hata moja iliyoigawa bila baki. Mwaka 1772 akatangaza jibu.

Kwa miongo kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana.

Euler alifariki Septemba 18, 1783, akiwa na miaka 76, baada ya damu kuvuja kwenye ubongo. Siku hiyohiyo alikuwa akijadili njia ya sayari mpya, Uranus.

Inakuhusuje?

Zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie 2 thelathini na moja, kisha toa 1: unaipata namba ya Euler. Ndiyo kikomo cha hesabu katika mifumo mingi ya kompyuta ya biti 32.

Mwaka 2014 wimbo Gangnam Style ulitazamwa mara nyingi kuliko idadi hiyo, YouTube ikalazimika kupanua kihesabio chake.

Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 nayo itagota hapohapo Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Isiporekebishwa kabla ya hapo, saa zake zitarudi nyuma hadi mwaka 1901.