Maisha ya Ibn Sina: Masomo Yake Nyumbani kwa Baba Yake

Jina lake ni Husein bin Abdillahi bin Hasan bin Ali bin Sina, na kuniya yake ni Abu Ali. Alizaliwa mwezi wa Safar mwaka 370 wa Hijra (980) katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, mji ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Mama yake, Bibi Sitara, alikuwa mwenyeji wa kijiji hicho. Baba yake alitoka Balkh, akaja Bukhara zama za Amiri Nuh bin Mansur, naye akatawalishwa kijiji cha Kharmaithan na viunga vyake.

Mzee huyu lau si mwanawe jina lake lisingalijulikana, lakini masomo ya mwanawe aliyasimamia yeye mwenyewe. Alipohamia Bukhara alimwekea mwalimu wa Qur'ani na mwalimu wa adabu. Hata mtoto alipotimia miaka 10 alikuwa amekwisha khitimu Qur'ani na kusoma vitabu vingi vya lugha, watu wakistaajabu. Kisha baba akasikia kuwa yuko muuza mboga mmoja ajuaye hisabu ya Kihindi, akampeleka kwake akajifunze. Mtu wa serikali kumpeleka mwanawe kwa muuza mboga si jambo dogo. Wengi wangaliona haya. Na fikihi alikwenda kuisoma kwa Ismail Az-Zahid, akajua namna ya kuuliza na namna ya kupinga hoja kwa adabu.

Nyumbani mwao yalikuwa yakizungumzwa mambo ya roho na akili, na handasa na hisabu, kwani baba yake na nduguye walielekea madhehebu ya Ismailia. Kijana alikuwa akikaa akisikiliza na kufahamu, ila moyo wake haukuyakubali madhehebu hayo. Wala baba hakumlazimisha.

Siku zile akafika Bukhara mtu aitwaye Abu Abdillahi An-Natili, mwenye kudai ujuzi wa falsafa. Baba akampa makao nyumbani mwake kwa tamaa mwanawe apate faida. Wakaanza mantiki. Haukupita muda mwalimu akaona kuwa kila mas-ala anayoyaleta kijana huyafahamu kuliko yeye, akamuusia baba asimshughulishe mtoto huyu na kazi nyingine yo yote ila ilimu. Kitabu cha Euclid walisoma pamoja michoro mitano au sita ya mwanzo, kisha kijana akaifumbua iliyobaki peke yake. Kitabu cha Ptolemy cha falaki vile vile: asome mwenyewe, kisha amwonyeshe mwalimu alichokifahamu. Baadaye Natili akaondoka kwenda Gurganj, na kijana akabaki na vitabu vyake.

Akaingia katika utabibu, fani aliyoiona si ngumu, akawa akitibu wagonjwa na kujifunza kwao mambo yasiyokuwamo vitabuni, hata matabibu wakawa wakija kusoma kwake. Umri wake ulikuwa miaka 16, na fikihi hakuiacha.

Hapo akajipangia muda wa mwaka mmoja na nusu wa kurejea mantiki na sehemu zote za falsafa. Katika muda huo hakulala usiku mmoja mzima, wala mchana hakujishughulisha na jambo jingine. Alijiwekea karatasi, na kila hoja aliyoitazama aliandika humo mukadima zake, akazipanga, akaangalia zinazaa nini na kwa masharti gani. Mas-ala yakimfunga alikwenda msikitini akasali na kumwomba Mola wake mpaka yakafunguka. Usiku hurudi nyumbani, akaweka taa mbele yake, akasoma na kuandika. (Yeye mwenyewe ameeleza kuwa usingizi ukimzidi alikuwa akinywa kikombe cha mvinyo apate nguvu, katika hili hafuatwi.) Akipitiwa na usingizi huyaona mas-ala yale yale ndotoni, na mengine yakimdhihirikia humo humo.

Pamoja na bidii hiyo, kilikuwako kitabu kimoja kilichomshinda, nacho ni cha Aristotle katika ilimu ya mambo yaliyo juu ya maumbile. Alikisoma mara 40 hata akakihifadhi kwa moyo, na asijue makusudio yake. Akakata tamaa, akaona kitabu hicho hakina njia ya kufahamika. Alasiri moja alikuwa katika soko la vitabu, na dalali akinadi kitabu. Akakikataa kwa kuchoka. Dalali akamshikilia akinunue, kwani mwenyewe ana dhiki ya pesa, na bei yake ni dirhamu tatu tu. Akanunua, kumbe ni cha Abu Nasr Al-Farabi katika kueleza makusudio ya kitabu kile kile! Akarudi nyumbani mbio, akakisoma, na yote aliyoyahifadhi yakamfunukia kwa mara moja. Kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa mafakiri kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Kisha Amiri Nuh akaugua maradhi yaliyowatatiza matabibu wake. Kijana akaitwa, akashirikiana nao katika kumtibu. Hapo akaomba ruhusa ya kuingia katika khazina ya vitabu: vyumba vingi, kila chumba fani yake, na masanduku yamepangwa juu ya masanduku. Alipofika miaka 18 alikuwa amemaliza fani zote hizo. Alipokuwa mtu mzima alieleza kuwa siku zile uhifadhi wake ulikuwa na nguvu zaidi, na sasa ilimu imepevuka, bali ni ile ile.

Baba yake alikufa kijana akiwa na miaka kama 22, na kutoka hapo hakupata tena utulivu: alihama mji hadi mji, akawa waziri huko Hamadan, akafungwa. Mchana ulikuwa wa kazi za Amiri, basi darasa akaziweka usiku, wanafunzi wakisoma kwa zamu katika vitabu vyake viwili, Shifaa na Kanuni. Akiwa Isfahan, bwana mmoja alimtia ila katika lugha ya Kiarabu. Naye, mtu mzima mwenye sifa zote hizo, akakaa miaka mitatu akidurusu vitabu vya lugha kama mwanafunzi, akaagiza kitabu cha Al-Azhari kutoka Khurasan. Alikufa Hamadan mwezi wa Ramadhani mwaka 428 (1037), akazikwa huko.