Inyasi wa Loyola: Mwanafunzi Mtu Mzima Katika Jiji la Paris

Tarehe 2 Februari 1528, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, mwanamume mmoja mwenye miaka kama 37 aliingia Paris akichechemea. Alikuwa ametoka Barcelona peke yake, kwa miguu, wakati wa baridi kali. Kifaransa hakikuwa lugha yake. Muda si mrefu alikuwa ameketi darasani katika Chuo cha Montaigu, akijifunza sarufi ya Kilatini pamoja na watoto.

Huyo ndiye Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Wengi wetu tunamfahamu kama askari aliyevunjwa mguu na mzinga pale Pamplona mwaka 1521, au kama mwanzilishi wa Shirika la Yesu. Ile miaka saba ya Paris huwa tunairuka. Mimi, tangu nianze falsafa, ndiyo ninayoirudia kuliko mingine yote.

Kusoma hakukuwa mpango wake wa kwanza. Alipopona jeraha alitaka kuishi na kufa Yerusalemu. Alifika huko mwaka 1523, lakini mkuu wa Wafransisko akamwamuru aondoke. Akarudi Hispania akijiuliza afanye nini, akaona kwamba akitaka kusaidia roho za watu lazima asome. Mwaka 1524 akaanza Kilatini huko Barcelona. Mwalimu Jerónimo Ardévol alimfundisha bila malipo, na mama mmoja mcha Mungu, Isabel Roser, akamtunza.

Hapo likatokea jambo la ajabu. Kila alipofungua kitabu akariri minyambuliko ya vitenzi, mawazo matamu juu ya Mungu yalimjaa kichwani, na vitenzi vikatoweka. Mtu mwingine angeshukuru kwa neema. Inyasi alijiuliza swali moja: mbona utamu huu hauji nikiwa kwenye sala, wala kwenye Misa, bali kwenye sarufi tu? Akatambua kuwa ni kishawishi. Akamwomba mwalimu wake waende kanisani, akamweleza yote, kisha akaahidi kutokosa somo kwa miaka miwili maadamu Barcelona kuna mkate na maji vya kumtosha. Kishawishi kikamwacha.

Nakiri kwamba mwaka jana, tulipokuwa katika mantiki, mara kadhaa nilikimbilia kikanisani na rozari yangu saa ya kujisomea, nikidhani ninaitwa. Majibu ya mtihani yalinionyesha nilichokuwa nakikimbia.

Baada ya Barcelona alikwenda Alcalá, na huko akaharibu. Alitaka kumaliza haraka, akasoma mantiki, fizikia na teolojia kwa mpigo, asishike chochote sawasawa. Muda wake mwingi ulikwenda kuwafundisha watu kusali. Wakubwa wa Kanisa wakauliza: huyu asiyesoma anafundisha kwa mamlaka gani? Alikaa gerezani siku 42. Akahamia Salamanca, akafungwa tena siku 22, safari hii kwa mnyororo. Walipomwachia walimkataza kueleza tofauti ya dhambi ya mauti na dhambi ndogo mpaka asome miaka minne zaidi. Ndipo akaamua kwenda Ufaransa. Nadhani ugeni ulikuwa sehemu ya dawa yenyewe: ukiwa mahali ambapo lugha yako haieleweki mtaani, unabaki na kitabu.

Tatizo lililomngoja Paris ni lile analolijua kila mwanafunzi wa mbali na kwao. Alifika na hati ya fedha, escudo 25 kutoka Barcelona, zilizotosha kumpeleka mwaka wa kwanza. Hakupenda kukaa na fedha, basi akampa Mhispania mwenzake katika nyumba waliyopanga amtunzie. Yule bwana akazitumia zote. Kabla ya mwaka kufika mbali Inyasi hakuwa na hata senti ya pango.

Akahamia katika nyumba ya wahujaji na maskini ya Mtakatifu Yakobo. Kulala ilikuwa bure, lakini kulikuwa mbali na chuo, na malango yake yalikuwa na saa zake: ilimpasa kurudi kabla ya kengele ya Malaika wa Bwana jioni, na asubuhi hakuweza kutoka mpaka kuche. Montaigu vipindi vilianza kabla ya mapambazuko na vya mwisho viliisha usiku. Akawa anakosa cha kwanza na cha mwisho. Katikati ya siku aliomba chakula mitaani. Alitafuta mwalimu wa kumtumikia kama mtumishi huku akisoma, jinsi wanafunzi maskini walivyofanya, asimpate hata mmoja.

Mtawa mmoja Mhispania ndiye aliyemshauri: badala ya kupoteza kila siku, poteza miezi miwili kwa mwaka. Nenda Flanders, kwenye miji ya biashara, kawaombe wafanyabiashara wa Hispania walioko huko. Inyasi akafuata. Miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1529, alikwenda Bruges na Antwerp wakati wa likizo, na mara moja akavuka bahari hadi London, alikopata sadaka nyingi kuliko miaka mingine. Sasa akawa na muda wa darasa.

Na yule mla fedha? Akiwa Rouen akingoja meli ya kurudi kwao, aliugua, akamwandikia Inyasi. Inyasi akaondoka Paris kumtafuta, miguu mitupu, bila kula wala kunywa, na mguu wake ule mbovu, safari ya zaidi ya kilomita 100. Siku ya kwanza alitoka na hofu nzito, iliyomwacha baada ya kupita Argenteuil. Alimkuta, akamsaidia kupata meli, akampa na barua za kumtambulisha kwa rafiki zake wa Hispania. Siijui safari nyingine ya mwanafunzi aliyefuata deni kwa namna hiyo.

Tusimpake rangi kupita kiasi. Vijana watatu aliowaongoza katika Mazoezi ya Kiroho waligawa mali na vitabu vyao, wakaenda kuishi kwa kuomba katika nyumba ileile ya maskini. Chuo kizima kikachafuka. Diogo de Gouveia, mkuu wa Chuo cha Sainte-Barbe, aliapa kumchapa Inyasi viboko mbele ya wanafunzi wote akikanyaga pale. Mkuu alikuwa na hoja: vijana walikuwa wameacha masomo.

Hata hivyo ni Sainte-Barbe alikoanza falsafa Oktoba 1529. Alipangiwa chumba kimoja na vijana wawili waliozaliwa mwaka 1506. Pierre Favre, aliyewahi kuchunga kondoo kwao Savoy, alipewa kazi ya kumrudishia Inyasi masomo ya Aristotle. Mwenzake alikuwa Fransisko Ksaveri wa Navarra, mtoto wa mabwana, ambaye kaka zake walipigana upande wa pili katika vita vilivyomvunja Inyasi mguu. Mfuko wao ulikuwa mmoja. Huyo Ksaveri ndiye aliyepita pwani yetu mwaka 1542, meli yake ilipotia nanga Malindi ikielekea Goa.

Mwaka wa tatu ulikuwa na mtihani ulioitwa kuchukua jiwe, na ada yake ilikuwa sarafu moja ya dhahabu. Inyasi alisita kama inamfaa maskini kulipa kiasi hicho kwa ajili ya cheo. Akamwachia mwalimu wake aamue, naye akamwambia alipe. Leseni akaipata mwaka 1533. Tarehe 15 Agosti 1534, yeye na wenzake sita waliweka nadhiri Montmartre, na Favre, padre pekee kati yao, akaadhimisha Misa. Hati yake ya Magister iliandikwa Machi 1535. Wakati huo tumbo lilikuwa linamtesa, teolojia hakuimaliza, na waganga wakamshauri arudi kuvuta hewa ya kwao. Wenzake wakamnunulia farasi mdogo.

Miaka mingi baadaye, akiandika Katiba ya Shirika huko Roma, aliamua kwamba vyuo viwe na mapato ya kudumu ili wanafunzi wasihangaike kuomba riziki, na kwamba wasilemewe na sala na mafungo kupita kiasi, kwa kuwa masomo yanamtaka mtu mzima mzima. Februari 1551 alifungua shule Roma. Tangazo juu ya mlango lilisema wanafundisha sarufi, fasihi na mafundisho ya Kikristo, bure. Shule hiyo ndiyo leo Chuo Kikuu cha Gregoriana, wanakotumwa baadhi ya mapadre wetu, nao wanaanza kwa kuhangaika na Kiitaliano.