Mtakatifu Thomas wa Akwino: Mwalimu Aliyeanza na Hoja za Wapinzani

Kila tarehe 28 Januari tunamwadhimisha Mtakatifu Thomas wa Akwino, msimamizi wa shule na vyuo vikuu vya Kikatoliki. Safari hii tumtazame kwa jicho la mwanafunzi aliyepewa swali na kutakiwa kuandika insha.

Thomas alizaliwa karibu mwaka 1225 huko Roccasecca, Italia. Alilelewa na Wabenedikto wa Monte Cassino, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Napoli, ambako alianza kumfahamu Aristotle. Mwaka 1244 alijiunga na Wadominikani. Familia yake ilikataa. Ndugu zake walimkamata njiani, akazuiliwa nyumbani takriban mwaka mzima. Hakubadili nia.

Baadaye alifundishwa na Mtakatifu Alberto Mkuu. Kwa kuwa alikuwa mnene na mkimya, wenzake walimtania kwa jina la ng'ombe bubu. Kumbe alikuwa anasikiliza. Mwaka 1256 alipata kuwa mwalimu wa taalimungu Paris.

Vyuo vya wakati ule vilifundisha kwa mdahalo: swali lilitolewa, pingamizi zikaletwa, na mwishowe mwalimu akatoa uamuzi wenye sababu. Thomas aliandika Summa Theologiae kwa mtindo huo, akiwalenga wanaoanza masomo. Kwanza swali, kisha hoja za wanaopinga, kisha kauli ya Maandiko au ya mwalimu anayeheshimika, kisha jibu lake mwenyewe, na mwisho anajibu pingamizi moja baada ya nyingine. Alipouliza kama Mungu yupo, alitanguliza hoja mbili nzito: kwamba uovu upo, na kwamba mambo ya ulimwengu yanaweza kuelezwa bila Mungu. Hakuzipunguza nguvu ili azishinde kirahisi. Aliwasoma pia Waislamu Ibn Sina na Ibn Rushd na Myahudi Maimonides, akipokea lililo kweli na kukosoa alipoona kosa.

Sisi mara nyingi tunaandika insha kwa kupanga maneno ya wakubwa na kuyamalizia kwa hitimisho tulilokuwa nalo tangu mwanzo. Alama zaweza kupatikana. Lakini siku moja mama aliyefiwa na mtoto atamwuliza padre kwa nini Mungu aliruhusu, na aliyezoea kukariri atamjibu swali ambalo mama huyo hakuuliza.

Thomas aliacha kuandika Desemba 1273, Summa ikiwa haijakamilika. Alifariki tarehe 7 Machi 1274 huko Fossanova, akiwa njiani kwenda Mtaguso wa Lyon. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1323 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1567.

Basi, ndugu waseminari na waamini wenzetu, kabla ya kuandika jibu letu tuandike kwanza pingamizi lenye nguvu kuliko yote, kwa namna ambayo mwenye nalo angekiri kuwa ndilo lake. Kisha tulijibu hilohilo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, utuombee.