Alfred Marshall: Mwanahisabati Aliyeiweka Hisabati Mahali Pake

Tuzungukapo madarasani wakati wa mazoezi ya kufundisha, si ajabu kumsikia mwalimu akimwambia mtoto aliyeshindwa hesabu kwamba somo kama uchumi asilifikirie kamwe. Hukumu hiyo ni nzito kwa mtoto wa miaka 12. Kabla ya kuitoa, yafaa tuyatazame maisha ya mtu aliyeijua hisabati kuliko wengi wa wakati wake, ambaye hata hivyo aliwaonya wanauchumi wasiitegemee kupita kiasi.

Alfred Marshall alizaliwa London mwaka 1842. Baba yake, mtunza fedha katika Benki ya Uingereza, alikuwa mtu mkali aliyetaka mwanawe asome lugha za kale kisha awe kasisi. Lakini kijana alivutwa na hisabati. Kwa mkopo wa ami yake aliingia chuo cha St John's, Cambridge, na mwaka 1865 akawa wa pili katika mtihani mkuu wa hisabati. Aliyemtangulia ni John William Strutt, ambaye mwaka 1904 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kilichomgeuza Marshall kuelekea uchumi ni umaskini. Wakati wa likizo alizuru miji kadhaa, akapita mtaa baada ya mtaa katika sehemu za mafukara, akizitazama nyuso za watu. Alitaka kujua kama ni lazima wanadamu waishi hivyo. Akavisoma vitabu vya John Stuart Mill, na mawazo aliyoyakuta humo akayageuza kuwa milinganyo. Basi swali lilitoka mitaani. Hisabati ilikuja baadaye kusaidia kulipima jibu.

Mwaka 1877 alimwoa Mary Paley, mmoja wa wanawake wa kwanza kusoma Cambridge. Kwa kanuni za siku zile, kuoa kulimpotezea nafasi yake chuoni. Wakahamia Bristol, ambako wote wawili walifundisha, na mwaka 1879 wakatoa pamoja kitabu cha uchumi kwa wanaoanza. Mwaka 1885 Marshall alirudi Cambridge akiwa profesa, na mwaka 1890 akatoa kitabu chake kikuu, Principles of Economics.

Mpango wa kitabu hicho ni somo tosha kwa mwalimu. Maelezo yameandikwa kwa maneno ya kawaida, michoro imewekwa chini ya kurasa, na aljebra imepelekwa mwishoni kabisa, kwani Marshall alitaka wafanyabiashara nao wakisome. Alipoeleza kwamba bei huamuliwa na wanunuzi pamoja na wauzaji, alitumia mfano wa mkasi: haifai kubishana ni bapa lipi kati ya mawili linalokata karatasi.

Mwaka 1906, katika barua kwa mwanatakwimu Arthur Bowley, alieleza utaratibu wake. Hisabati itumike kama mwandiko wa mkato, kazi ikiisha itafsiriwe kwa lugha ya watu, kisha itolewe mifano yenye maana katika maisha. Baada ya hapo hisabati yenyewe ichomwe moto. Mifano isipopatikana, hata tafsiri nayo ichomwe.

Tusimwelewe vibaya. Marshall hakuidharau hisabati, na leo anayesoma uchumi chuo kikuu huhitaji hisabati ya juu. Lakini kwa anayeanza somo hilo sekondari, mzigo mkubwa ni ule unaowekwa na sisi wa shule za msingi: matendo manne, asilimia, uwiano, wastani na kusoma grafu. Juu yake huongezwa milinganyo rahisi.

Tuchukue mfano. Mama muuza machungwa huuza machungwa 50 kwa siku, kila moja shilingi 200. Apandishapo bei kuwa shilingi 250, huuza 30 tu. Bei imepanda kwa asilimia 25, mauzo yameshuka kwa asilimia 40, na mapato yamepungua kutoka shilingi 10,000 hadi 7,500. Hesabu hiyo ni ya darasani kwetu, nayo imebeba wazo ambalo Marshall ndiye aliyelipa jina katika uchumi: kiasi ambacho mahitaji huitikia mabadiliko ya bei. Mwanafunzi aliyepata asilimia hizo bila kuweza kueleza kwa nini mapato ya mama huyo yamepungua hajamaliza kazi. Aliyeeleza sababu vizuri lakini akakosea kugawanya, huyo anaweza kusaidiwa.

Marshall alifariki Cambridge mwaka 1924. Urithi wake kwetu ni desturi ambayo kila mwalimu mwanafunzi aweza kuianza kesho: baada ya kila jibu, mtoto aombwe aseme kwa sentensi yake mwenyewe nambari ile ina maana gani, kisha atoe mfano kutoka nyumbani au sokoni. Tukifanya hivyo, tutatambua kama mtoto ameshindwa kuelewa au amekosea kukokotoa tu. Bila kujua tofauti hiyo, hatuna haki ya kumfungia mlango wa somo ambalo bado hajalionja.