MacArthur, mtu wa sianidi

Ndugu wachimbaji wanaoteremsha dhahabu ya Misisi mpaka Uvira wanaijua zebaki vizuri. Lakini ile chumvi nyeupe, sianidi, inayotumika sasa Kivu Kusini, wengi wanatuuliza sisi wa sendika: ilitoka wapi? Ilitoka kwa John Stewart MacArthur.

Alizaliwa mwaka 1856 huko Glasgow, Scotland. Angali kijana mdogo aliingia maabara ya kampuni ya madini, akajifunza kemia palepale kazini. Siku zile zebaki ilishika dhahabu iliyo wazi tu; ile iliyojificha ndani ya mawe yenye salfa ilipita na maji, ikapotea. Yeye na madaktari wawili, ndugu Robert na William Forrest, wakajaribu vitu vingi, na mwaka 1887 wakapata hati ya uvumbuzi. Jiwe linasagwa, linalowekwa katika maji yenye sianidi kidogo sana, hewa inaingia, na dhahabu inayeyuka polepole. Kisha maji yanapitishwa kwenye vipande vya zinki, dhahabu inarudi. Kazi ni hiyo tu!

Mwaka 1890 mbinu ilionyeshwa Johannesburg, ambako migodi ilikuwa imefika kwenye mawe magumu ya chini na wenye mali wameanza kuogopa. Ikaokoa ile migodi. Shukrani yao? Walimpeleka mahakamani, na mwaka 1896 hati ikafutwa kule Transvaal. Wakaendelea kuitumia bila kulipa. Sisi wafanyakazi hatushangai.

Kuko jambo moja ambalo mabosi hawawaambii watu wa chini. Sianidi ikikutana na asidi, hata asidi ya betri, inatoa hewa inayoua kwa dakika chache. Ndiyo maana chokaa inawekwa kwanza, kabla ya chumvi yenyewe. Na mchanga uliopitia zebaki usitiwe humo: sianidi inayeyusha zebaki pia, maji yanaibeba mpaka mtoni. Samaki wanakufa kwa sianidi kidogo kuliko mtu. Mama wanaouza ndagala na mukeke wasikie hilo.

Uzeeni MacArthur aligeukia radiumu, akafungua kiwanda Balloch, Scotland, mwaka 1915. Alikufa mwaka 1920. Miaka miwili baadaye radiumu ya Shinkolobwe, Katanga yetu, ilianza kutengenezwa Ubelgiji, na bei ikaanguka.